Sura ya Sita: Ila Iliyofichika na Wito Usiovuka Bahari

Wanazuoni wa sheria waliowafundisha wazee wetu wa pwani adabu ya kununua na kuuza walikata hukumu moja iliyo bayana, nayo ni kwamba muuzaji anayeijua ila ya bidhaa yake hana ruhusa ya kuinyamazia, na kwamba mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye ila iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha na kudai fedha yake. Hukumu hiyo ilitosha katika zama ambazo bidhaa ilikuwa ng'ombe, jahazi au pishi ya mtama, kwa sababu muuzaji na mnunuzi walikutana uso kwa uso, na kasoro ya ng'ombe au ya jahazi haikuwa siri kwa yule aliyekuwa nacho kwake siku zote. Zama zetu zimeleta bidhaa ambayo ila yake huenda haijulikani kwa muuzaji wala kwa mnunuzi, hali inajulikana sana kwa kiwanda kilichoiunda, na imeandikwa katika daftari la serikali ya nchi ya mbali pamoja na dawa yake, na dawa hiyo hutolewa bure. Bidhaa hiyo ni gari lililotumika, na hasa gari la haibridi, yaani mahuluti ya injini ya petroli na mota ya umeme, ambalo siku hizi huonekana kila mahali katika njia za Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Katika sura hii nimekusudia kueleza gari hilo hufanyaje kazi, ila zake zilizotangazwa ni zipi na zisizotangazwa ni zipi, na kwa nini wito wa kiwanda humfikia mtu aliyekwisha kuliuza gari lake ukamkosa yule anayelipanda leo pamoja na watoto wake.

Gari la haibridi la kwanza kuundwa kwa wingi, Toyota Prius, lilianza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1997, na mwaka 2000 likafika Marekani na Ulaya. Kizazi chake cha tatu, ambacho namba yake ya chesisi huanza kwa ZVW30, kilitoka mwaka 2009, na Desemba 2011 kikafuatiwa na ndugu yake mdogo aitwaye Aqua, ambaye madereva wa teksi wa miji yetu wanamjua vema. Kampuni ya Honda nayo ikaleta Fit na Vezel za haibridi. Sifa ya magari haya si uongo. Hutumia petroli kidogo kuliko magari ya ukubwa wake, hasa katika msongamano wa mjini, ambapo gari la kawaida huunguza mafuta yake bure likiwa limesimama. Kwa mtu ambaye riziki yake hutoka katika usukani, na ambaye kila jioni huhesabu kilichobaki baada ya kulipa mafuta, fadhila hiyo si ndogo, na wala simlaumu aliyevutwa nayo.

Walakini, mtu hawezi kuipima ila ya kitu asichokifahamu, na kwa hiyo yafaa tufungue kidogo boneti la ZVW30. Ndani yake mna injini ya lita 1.8 na mota mbili za umeme, zote zimeunganishwa kwa seti moja ya gia. Mota ya kwanza huiwasha injini na kuzalisha umeme. Ya pili husukuma magurudumu, na dereva anapokanyaga breki mota hiyo hugeuka kuwa jenereta, ikairudishia betri nguvu ambayo katika gari la kawaida ingalipotea kuwa joto. Betri kubwa iliyo nyuma ni mkusanyiko wa moduli 28, kila moja ya volti 7.2, ambazo jumla yake ni volti 201.6. Kati ya betri na mota pana kasha la aluminiamu liitwalo inveta, ambalo huupandisha umeme wa betri hata kufikia volti 650 na kuugeuza uwe wa namna inayofaa kuziendesha mota. Nyaya nene za rangi ya chungwa zinazounganisha viungo hivi si pambo, bali ni onyo kwa fundi kwamba umeme uliomo unaweza kuua. Juu ya yote haya imekaa kompyuta, yenye programu zinazoamua kila dakika nani asukume, nani azalishe, nani apumzike.

Insafu yanitaka niseme pia yale yaliyopunguzwa. Gari hili halina staata ya kawaida, halina alteneta, wala halina mikanda inayokatika njiani, na pedi za breki zake hudumu muda mrefu kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Basi si kweli, kama wanavyosema baadhi ya wasiolijua, kwamba haibridi ni mara mbili ya matatizo. Ukweli ni kwamba limeyaondoa matatizo ambayo fundi wa kila mtaa alizoea kuyatibu, na mahali pake limeweka mengine ambayo hayaonekani kwa macho wala kusikika kwa sikio, mpaka mashine ya kupimia iunganishwe au taa za onyo ziwake zote kwa pamoja kwenye dashibodi.

Sasa na tuje kwenye wito. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 juu ya usalama wa magari, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, na sheria za Japani zinazosimamiwa na wizara ya uchukuzi ya nchi hiyo, zimemfaradhishia mwenye kiwanda jambo lisilo na hiari: akigundua kwamba magari aliyoyauza yana dosari inayohatarisha maisha, sharti aiarifu serikali, awaandikie wenye magari, na aitengeneze dosari hiyo kwa gharama yake mwenyewe. Huo ndio wito wa kurejesha magari. Watu wengi huusikia wakadhani ni fedheha, na muuzaji hujitahidi usitajwe mbele ya mteja wake. Lakini kwa hakika kiwanda kinachoyaita magari yake kimetimiza amana, na kiwanda cha kuogopwa ni kile kinachoijua ila na kunyamaza. Si kuitwa kunakolitia gari aibu. Linaloleta madhara ni gari kuitwa lisiitike.

Wito wa kwanza mkubwa wa ZVW30 ulikuwa wa breki. Mwanzoni mwa mwaka 2010, kabla gari halijatimiza hata mwaka mmoja sokoni, madereva wa Japani na Marekani walilalamika kwamba wakipita penye matuta au penye utelezi huku wamekanyaga breki, gari liliwaponyoka kwa kitambo kidogo, kana kwamba breki imeachiwa, kisha ikashika tena. Sababu ilikuwa katika mapokezano ya kazi baina ya breki ya mota na breki ya mafuta: gurudumu lilipoteleza, programu ilichelewa kuikabidhi kazi breki ya mafuta. Mwezi wa Februari 2010 Toyota iliyaita magari yapatayo 437,000 duniani, ya Prius na ya haibridi nyingine zilizotumia mfumo huo, ili yabadilishiwe programu. Na tarehe 24 ya mwezi huohuo rais wa kampuni, Akio Toyoda, alihojiwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani juu ya usalama wa magari yake kwa jumla. Msomaji aliyezoea barabara zetu, zenye mashimo na matuta yasiyo na alama, hahitaji kuelezwa kwamba dosari iliyojitokeza mara chache katika lami ya Tokyo ingepata nafasi kubwa zaidi ya kujitokeza katika njia ya Mazeras au ya Kibaha.

Breki hazikwisha hapo. Mwezi wa Juni 2013 magari 242,000 ya Prius na Lexus HS250h yaliitwa kwa sababu ya chombo kinachohifadhi shinikizo la breki, ambacho kiliweza kupata ufa, gesi ya naitrojeni iliyomo ikavuja na kuingia katika mafuta ya breki, na dereva akaona pedali inazama kuliko kawaida na gari linachelewa kusimama.

Wito uliofuata, mkubwa kuliko hiyo iliyotangulia, ulikuwa wa inveta, nao una mafunzo mengi. Ndani ya inveta mna transista zinazokata na kuunganisha umeme mara nyingi mno kwa sekunde moja, na dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, kama vile kuondoa gari penye mlima, mzigo wote wa umeme hupita katika transista hizo. Mwezi wa Februari 2014 Toyota ilikiri kwamba programu ya inveta iliweza kuzipa transista joto la kupita kiasi mpaka zikaharibika, na ikayaita magari milioni 1.9 ya Prius ya kizazi cha tatu, ambayo takriban nusu yake yalikuwa Japani kwenyewe. Transista ikiharibika, taa za onyo huwaka na gari huingia katika hali ya tahadhari, likatembea kwa nguvu ndogo hata dereva akafika pembeni. Lakini pengine mfumo wote huzimika, na gari likasimama hapo lilipo. Dawa iliyotolewa ilikuwa ni programu mpya ya kupunguza mzigo, na kwa gari ambalo transista zake zilikwisha kuharibika, inveta mpya.

Mtu angedhani mambo yalikwisha. Hayakwisha. Mwezi wa Oktoba 2018 kampuni iliyaita tena magari milioni 2.4 ya haibridi, ya Prius na Auris yaliyoundwa baina ya mwaka 2008 na 2014, na ikasema bayana kwamba magari haya yalikuwamo katika miito ya mwaka 2014 na 2015, lakini dawa ya wakati ule haikuitazamia hali hii mpya, ambayo gari hushindwa kuingia katika ile hali ya tahadhari likapoteza nguvu zote. Mwaka 2020 ukaja wito mwingine wa magari 752,000 kwa sababu inayofanana na hiyo. Funzo lake ni zito: gari kuwa limeitikia wito mmoja si ithibati kwamba limemaliza. Mnunuzi anayeonyeshwa karatasi ya mwaka 2014, naye akatosheka, ameonyeshwa nusu ya habari. Zaidi ya hayo, mwezi wa Juni 2016 magari milioni 1.43, ya Prius na ya Lexus CT200h, yaliitwa kwa ajili ya mifuko ya hewa ya pembeni, ambayo chombo chake cha gesi kiliweza kupasuka vipande viwili. Na Septemba 2018 yakaitwa magari milioni 1.03, safari hii ya kizazi kilichofuata na ya C-HR, kwa sababu ya kifungu cha nyaya kilichoweza kusuguana na kifuniko chake hata kikawasha moto.

Wala asidhani msomaji kwamba ninaionea kampuni moja. Honda ilitoa Fit mpya ya haibridi mwezi wa Septemba 2013, ikiwa na giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili na mota ndani yake, na baina ya Oktoba 2013 na Oktoba 2014 gari hilo likaitwa mara tano. Wito wa Februari 2014 ulihusu programu ya giaboksi. Ule wa Julai ulihusu magari zaidi ya 175,000 ya Fit na Vezel ambayo yaliweza kuongeza mwendo ghafla bila ya kutakwa. Na ule wa Oktoba ulizidi magari 425,000. Rais wa kampuni, Takanobu Ito, alikubali kukatwa asilimia 20 ya mshahara wake kwa miezi mitatu, na wakuu wenziwe nao wakakatwa. Gari hilo hilo, lenye chesisi ya GP5, leo ni miongoni mwa yanayotafutwa sana katika yadi zetu kwa sababu bei yake ni nafuu, na wachache mno kati ya wanaolinunua waliopata kusikia kisa hiki.

Mpaka hapa nimesema juu ya ila zilizotangazwa. Ziko pia zile ambazo kiwanda hakikuzihesabu kuwa za hatari kwa maisha, na kwa hiyo mzigo wake ukamwangukia mwenye gari. Katika ZVW30, mashuhuri kuliko zote ni ile ya gasketi ya silinda hedi. Injini hiyo ina mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza joto la mwako, na moshi huo hupitishwa kwanza katika kipoozeo chenye njia nyembamba. Kwa miaka mingi masizi hujaa katika njia hizo, na kwa mujibu wa mafundi wengi waliozoea kuzifungua injini hizi, joto ambalo lilitakiwa lipunguzwe huiandama gasketi mpaka ikafa, na maji ya rejeta yakaanza kupenya ndani ya silinda. Dalili yake ya mwanzo huonekana asubuhi. Gari lililolala usiku kucha likiwashwa, injini hutikisika na kugonga kwa muda mfupi kama inayotaka kuzimika, kisha ikatulia, na mchana kutwa ikawa salama. Mwenye gari hufurahi kwamba limepona. Fundi asiyejua hubadilisha plagi, kisha koili, na wakati wote huo maji ya rejeta yanapungua kidogo kidogo bila ya tone kuonekana sakafuni, mpaka siku ambayo injini nzima hubidi itolewe.

Mushkili wa pili ni wa betri kubwa, nao hapa petu una sababu ambayo haipo kwa wingi huko kwao. Betri hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lenye vizuizi vya plastiki lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Abiria huweka mfuko wake hapo, tundu likazibwa; barabara ya vumbi huingiza vumbi, nyuzi za nguo na nywele hufuata, na feni ndogo iliyo nyuma ya tundu huyakusanya yote hayo mpaka meno yake yakavikwa utando mzito wa kijivu. Fundi akikitoa kifuniko na kuibandua feni ya gari lililofanya kazi ya teksi kwa miaka michache, hukuta haivuti hewa ila kwa shida. Betri iliyonyimwa hewa hupata joto, na betri yenye joto hufa mapema. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa kwamba moduli moja imekufa na kwamba itabadilishwa kwa bei ndogo. Ni kweli kwamba moduli moja huweza kubadilishwa, walakini zile 27 zilizobaki zina umri uleule na zimepitia joto lilelile, na mara nyingi haipiti muda mrefu jirani yake naye akafuata. Kusafisha feni hiyo kila mwaka ni kazi ya saa chache. Kuipuuza ni hasara ya betri nzima.

Tumekwisha kuziona ila. Natutazame sasa kwa nini habari zake hazitufikii. Kiwanda kinapotoa wito, humwandikia mtu ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la magari la nchi yake. Gari linapofutwa katika daftari la Japani ili lisafirishwe, likapigwa mnada, likapakiwa melini na kushushwa Kilindini au katika bandari ya Dar es Salaam, jina lililobaki kwa kiwanda ni la mtu wa Osaka au wa Nagoya ambaye hana gari tena. Mnunuzi wa kwetu husajiliwa kwa mamlaka ya kwetu, ambayo kiwanda hakina daftari lake. Hivyo wito uliotolewa baada ya gari kuvuka bahari huenda usimfikie mtu yeyote, na uliotolewa kabla yake huenda ulimfikia mtu aliyekuwa yumo katika kuliuza, akaona hana haja ya kujisumbua. Hakuna aliyesema uongo katika mlolongo wote huu, na hata hivyo mtu wa mwisho amebeba hatari ambayo hakuelezwa.

Hatari hiyo huzidi katika miji ya pwani, na mfano wake ulio mzito ni wa mifuko ya hewa ya Takata, ambayo imeyagusa magari ya makampuni mengi, na baadhi ya haibridi kama Honda Insight zimo. Chombo cha chuma kinachoujaza mfuko huo kilitumia amoniamu naitreti, dawa ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, hata siku ya ajali ikalipuka kwa nguvu isiyokadiriwa na kukivunja chombo chake, vipande vya chuma vikamrukia yule ambaye mfuko uliwekwa kumkinga. Watu waliouawa na ila hii walikuwa kwa wingi katika mahali pa joto na unyevu, kama vile Florida na Malaysia. Mtu wa Mombasa, Unguja au Tanga naajiulize hewa ya kwao inafanana na ya wapi. Japani yenyewe, tangu mwezi wa Mei 2018, hukataa kuyapitisha katika ukaguzi wa lazima magari yenye mifuko ya hatari zaidi ambayo haijabadilishwa. Australia na New Zealand, ambazo nazo hupokea magari yaliyotumika kutoka Japani, zilitoa amri za lazima mwaka huohuo. Gari ambalo nchi yake ya asili hailikubali barabarani halifai kupewa mtu mwingine kwa sababu tu ya kuwa yuko mbali.

Basi mnunuzi afanyeje? La kwanza na lililo kubwa ni namba ya chesisi. Magari ya soko la Japani huwa na namba inayoanza kwa herufi za aina yake, mathalan ZVW30 kwa Prius, NHP10 kwa Aqua, GP5 kwa Fit, ikifuatwa na kistari na tarakimu. Viwanda vya Japani vina ukurasa katika tovuti zao za Kijapani ambamo mtu huandika namba hiyo na kujibiwa miito ipi inalihusu gari lile na ipi bado haijaitikiwa. Na kwa kuwa siku hizi simu hutafsiri maandishi, lugha si kizuizi tena. Itake namba hiyo kwa muuzaji kabla hujaitaja bei, na muuzaji anayesitasita kukupa amekwisha kukujibu. Ukikuta upo wito ambao haujaitikiwa na gari lingali Japani, weka sharti kwamba litengenezwe kabla halijapakiwa, kwa sababu huko kazi hiyo ni bure na kila kituo cha kampuni chaweza kuifanya. Likifika, fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo, karibu na mahali komeo linaposhika: kwa kawaida kazi ya wito inapomalizika Japani, hubandikwa hapo kibandiko kidogo chenye namba ya wito huo. Vibandiko hivyo ni vidogo na watu huvipita bila kuviona, ilhali vina thamani kuliko harufu nzuri ya viti vilivyooshwa.

La pili ni kulipima gari lenyewe. Lione asubuhi, injini ikiwa baridi, na usikubali kuletewa gari lililokwisha kupashwa moto, kwani utikisikaji wa gasketi hujitokeza baridini. Tazama kiasi cha maji ya rejeta, la injini na la inveta, maana kila moja lina chombo chake. Zima muziki, fungua mlango, na sikiliza pampu ya breki: kunguruma kwa sekunde chache baada ya kukanyaga ni desturi yake, lakini pampu inayoamka mara kwa mara hali mguu wako hauko kwenye pedali ina maradhi, na maradhi yake ni ghali. Toa kifuniko cha feni ya betri, uione kwa macho yako. Kisha mpe kazi fundi mwenye mashine inayosoma mfumo wa haibridi, akuonyeshe volti za moduli zikiwa safarini, kwa sababu betri dhaifu huweza kuonekana nzima gari likiwa limesimama. Na usimruhusu mtu asiyefunzwa aguse nyaya za rangi ya chungwa. Hata baada ya kuchomolewa plagi ya usalama, mafundi hutakiwa wangoje dakika kumi ili umeme uliohifadhiwa ndani ya inveta uishe, na asiyejua hilo anacheza na mauti.

Kwa wale ambao magari yao yamekwisha kufika na kusajiliwa, nasaha yangu ni kwamba wasikate tamaa wala wasipuuze. Itafute namba ya chesisi, ujue miito yako, kisha uandike kwa wakala wa kampuni aliye nchini mwako, kwa barua na wala si kwa mdomo, umwulize atafanya nini. Akikataa, angalau utakuwa umejua kiungo gani cha kukaguliwa kabla ya kingine, na kukitengeneza kwa fedha yako ni uchungu mdogo kuliko kusimama ghafla katikati ya barabara kuu huku lori liko nyuma.

Nikimaliza nina neno kwa wenye mamlaka. Kenya imeweka sharti kwamba gari lililotumika lisiingie likiwa limepita miaka minane, na Uganda mwaka 2018 iliweka mpaka wa miaka kumi na mitano. Masharti hayo yameonyesha kwamba serikali zetu zina uwezo wa kumwuliza mwagizaji swali bandarini, na gari likarudishwa jawabu lisiporidhisha. Swali la umri ni jema, lakini gari la miaka mitano lenye wito ambao haujaitikiwa lina hatari kuliko la miaka tisa lililotengenezwa. Naziomba mamlaka za viwango na za usafiri katika nchi zetu ziongeze sharti moja, ambalo gharama yake ni karatasi tu: gari lisisajiliwe mpaka mwagizaji alete ithibati, kwa namba ya chesisi, kwamba miito yote ya usalama ya gari hilo imeitikiwa. Wauzaji waadilifu hawatapungukiwa na kitu kwa sharti hilo, na wanunuzi watapata haki ambayo mwenye gari wa Japani huletewa kwa barua mlangoni pake. Mpaka siku hiyo ifike, ewe msomaji, usilipe hata senti moja kwa gari la haibridi ambalo chesisi yake hujaiuliza.